Siku mgonjwa alipopata nafuu, ndugu zake walikuja kudai maiti

Mgonjwa alikuwa fundi seremala, mwanamume aliyepita miaka 40, amelazwa kwa pepopunda katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ya rufaa ukanda wa pwani ya Tanzania. Katika wiki ya tatu hali yake ilikuwa imetengemaa kuliko siku yoyote tangu aletwe. Mikazo ya misuli ilikuwa imepungua, dawa za usingizi zilikuwa zinashushwa, na alikuwa anafumbua macho akiitwa. Jioni ya siku hiyohiyo ndugu zake walijaa mlangoni, kaka yake mkubwa akiwa mbele, wakitaka wapewe maiti yao wakazike.

Wauguzi walikuwa wamemhudumia vizuri, na faili lake linaonyesha hivyo. Mgonjwa alikuwa anapona. Iweje basi familia iamini kwamba amekufa, na kwamba anafichwa? Mimi ni muuguzi katika wodi hiyo. Mchana wa siku hiyo nilikuwa zamu, jioni nilikuwa bado nakabidhi, na kesho yake nilikaa kwenye kikao na familia. Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yao, na nimebadilisha mambo machache ili mgonjwa asitambulike.

Ugonjwa unaotaka giza na ukimya

Fundi alikanyaga msumari uliokuwa kwenye ubao wa zamani, ukapenya ndara. Aliuchomoa, akaosha mguu kwa maji ya chumvi, akaendelea na kazi. Kama wiki moja baadaye taya likaanza kukaza, akadhani ni jino. Zahanati walimpa dawa ya maumivu. Usiku wa pili shingo na mgongo vikakakamaa. Nyumbani walimsomea dua, jirani akashauri apelekwe kwa mtaalamu wa mambo ya majini, lakini mke wake alikataa katakata, akakodi gari hadi hospitali ya wilaya. Huko ndiko walikompa rufaa ya kuja kwetu.

Wagonjwa wetu wa pepopunda wengi ni wanaume wa rika lake. Wanawake hupata chanjo hii kliniki ya wajawazito. Mwanamume aliyechanjwa utotoni, kama alichanjwa, anaweza kukaa miongo kadhaa bila dozi nyingine. Sumu ya bakteria wa pepopunda hunyima neva uwezo wa kutuliza misuli, na kuanzia hapo mwanga wa ghafla, mlango unaobamizwa au mkono unaomgusa bila taarifa vinaweza kuamsha mkazo utakaombana kifua hadi pumzi ikatike. Kama hujamlaza kwa dawa, akili yake iko timamu wakati wote huo. Anasikia na anaumia.

Kwa hiyo alilazwa chumba cha pembeni, pazia limeshushwa, taa hafifu. Siku ya nne alitobolewa tundu shingoni akaunganishwa na mashine ya kupumulia. Alipewa diazepamu na magnesiamu kwa mshipa, dawa ya kuua bakteria, na kingamwili za pepopunda alizochomwa alipofika. Kumuuguza mgonjwa wa namna hii ni kazi ya subira kubwa mno. Unanyonya makohozi bila kumshtua, unamgeuza asipate vidonda vya kulalia bila kumshtua, unamlisha kwa mpira wa puani. Unaligonga goti lake kuona kama mguu bado unaruka, maana usiporuka huenda magnesiamu imezidi. Kazi zote unazikusanya uzifanye kwa mkupuo mmoja, kisha unamwacha apumzike. Na kabla ya kumgusa unamwambia, hata kama huoni dalili kwamba amesikia.

Ndugu hawakuyaona hayo. Wodi ina nyakati mbili za kutazama wagonjwa, mchana na jioni, nusu saa kila wakati, na kwa mgonjwa huyu hata nusu saa hiyo ilifutwa mwanzoni. Sababu ya kitabibu ilikuwepo na ilikuwa ya kweli. Walichoambiwa wao, hata hivyo, ni maneno mawili tu: "Hamruhusiwi kuingia." Mlinzi aliyasema, muuguzi akayarudia, daktari wa zamu naye akayarudia akikimbilia kwa mgonjwa mwingine. Siku zilivyosonga waliruhusiwa kuchungulia kwenye kioo cha mlango. Ndani ni giza. Wakaona shuka na taa za mashine.

Vyeti vya dawa

Hospitali zetu nyingi hazina kila kitu kila siku. Kitu kikikosekana, muuguzi anaandika cheti, anatoka mlangoni, anaita: "Ndugu wa kitanda namba tatu!" Ndugu anainuka kwenye mkeka chini ya mwarobaini, anapokea karatasi, anakwenda duka la dawa nje ya geti. Hivyo ndivyo mke wa fundi alivyokuwa akikutana na sisi, mara mbili tatu kwa siku. Glavu, mipira ya kunyonyea makohozi, pamba, nepi za watu wazima, na juu ya yote diazepamu.

Hakuna aliyemweleza diazepamu ni ya nini. Alimuuliza muuza dawa, akaambiwa ni ya kutuliza mishtuko. Toka hapo akawa anahesabu ampuli. Vyeti alivyorudishiwa dukani alivifunga kwenye pindo la kanga kwa mpangilio wa tarehe, na kila jioni alimpigia shemeji yake kijijini kumpa hesabu: leo 20, leo tena 20, leo 18.

Familia ilikuwa imejitengenezea ripoti yake ya maendeleo ya mgonjwa, na chanzo chake kilikuwa orodha ya manunuzi. Cheti kirefu maana yake bado anapigania uhai. Wakiagizwa nepi, basi bado yupo. Ukiwa ndani ya wodi huwezi kuliona hili kirahisi, kwa sababu kwako cheti ni karatasi ya kuombea vifaa. Kwa aliyeko nje hiyo ndiyo taarifa pekee ya maandishi anayoipata kuhusu mtu wake, na ataisoma kwa umakini ambao daktari hausomei faili.

Mgonjwa akaanza kupata nafuu. Dozi ikashushwa taratibu, 20 ikawa 12, kisha 6. Kila cheti kilichofupika kilikuwa habari njema, na kila kimoja kilipokelewa kwa hofu. Halafu stoo ya hospitali ikapata diazepamu, nepi za akiba zikawa zinatosha, na kwa siku mbili mfululizo hapakuwa na cha kuagiza. Hakuna aliyetoka kuita ndugu wa kitanda namba tatu.

Mke akafikia jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifikia kwa taarifa alizokuwa nazo: wamemwacha.

Siku ya pili ya ukimya huo, asubuhi, tulipokea mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uzazi akiwa na kifafa cha mimba. Karibu zamu nzima ilihamia kwake. Saa ya kutazama wagonjwa ya mchana ikafutwa kwa wodi yote. Mchana huohuo mzee wa kitanda cha mwisho alifariki, na mwili wake ukapitishwa mlango wa nyuma ukiwa umefunikwa shuka. Mdogo wake mke wa fundi aliiona machela hiyo akitoka msikitini kuswali alasiri. Alimuuliza mhudumu ni nani amefariki. Mhudumu akajibu kwamba hawezi kumwambia, na jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa kwa maadili ya kazi yetu. Simu ikapigwa kijijini, wakakodi Noah.

"Kifo hatukikatai, sista," kaka mkubwa alisema mlangoni, bila kupaza sauti. "Tunachokataa ni kufichwa. Tupeni maiti yetu tukazike."

Mlinzi alitaka kuita wenzake. Muuguzi kiongozi wa zamu ya jioni alimzuia, akamwamkia yule kaka, akauliza mke wa mgonjwa ni yupi. Alimnawisha mikono, akamvika joho, na kabla ya kuufungua mlango akamwambia, "Mume wako yu hai, mama. Usimshike kwa ghafla. Mwite kwanza, taratibu." Mama akamwita mume wake kwa jina la mtoto wao mkubwa. Fundi aligeuza shingo, akamtazama, midomo ikacheza. Sauti haikutoka kwa sababu ya tundu la shingoni. Mama alipotoka aliwaambia wenzake kwamba anasema, ila hasikiki.

Kikao kwenye chumba cha chai

Kesho yake walikaa daktari bingwa, muuguzi kiongozi wa wodi, ofisa ustawi wa jamii na mimi. Upande wa familia walikuja mke, kaka mkubwa, mama mzazi na yule kijana aliyeiona machela. Wodi haina chumba cha kuzungumza na ndugu, tukatumia chumba cha chai cha wauguzi.

Daktari alikuwa amejiandaa kueleza ugonjwa. Muuguzi kiongozi akamwomba, kwa adabu, waanze wao. Alikuwa na sababu nzuri. Mwaka 2004 watafiti wa eneo la Seattle, Marekani, walirekodi vikao 51 vya madaktari na familia za wagonjwa mahututi. Wakakuta kwa wastani familia huzungumza asilimia 29 tu ya muda, na kadiri sehemu yao ilivyokuwa kubwa ndivyo walivyoridhika zaidi na kikao. Sisi huku tunajua hivyo bila takwimu. Hakuna kikao cha ukoo ambacho mgeni huanza kuzungumza kabla ya wenye msiba au wenye mgonjwa kusema lililowaleta. Ajabu ni kwamba tukishavaa sare tunausahau utaratibu huo.

Kaka mkubwa alizungumza kwa muda mrefu, na tuliyoyasikia hayakuwa tuliyoyatarajia. Kubwa lilikuwa shamba. Familia ilipiga hesabu ya gharama kwa kutumia vyeti vya wiki ya kwanza, ikazidisha kwa miezi, ikaona hakuna namna isipokuwa kuuza shamba la minazi la marehemu baba yao. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, na malipo ya awali yangepokelewa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Gharama ilikuwa imeshaporomoka kwa sababu dawa zimepungua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia. Ofisa ustawi wa jamii naye alikuwa hajawahi kuonana nao, kwa hiyo hawakujua kwamba wangeweza kufanyiwa tathmini ya msamaha wa gharama. Naliweka hili mbele ya yote katika uchambuzi wangu. Tunapozungumzia kuridhika kwa familia tunazungumzia tabasamu na lugha nzuri, wakati kilichokuwa hatarini hapa kilikuwa ardhi ya watoto wa watu.

Mama mzazi aliuliza swali moja tu, kama mwanawe anasikia. Alikuwa akimsomea Kurani kila siku kutokea nje, kwenye ukuta aliodhani ndio wa chumba chake. Ukuta huo ni wa stoo. Daktari alimjibu kwamba anasikia, na kwamba sasa hali yake inaruhusu mama akae karibu naye amsomee kwa sauti ya chini.

Mke alizungumzia simu. Siku ya kwanza tulichukua namba yake tukamwambia, "Likitokea lolote tutakupigia." Kila mtu anajua lolote ni lipi. Tangu siku hiyo simu ikilia usiku anatetemeka, hata akawakataza watoto wake mwenyewe wasimpigie baada ya isha.

Mahitaji ya watu walio nje ya mlango

Uchunguzi wa mahitaji ya ndugu wa wagonjwa mahututi ulianzishwa na muuguzi, jambo ambalo wauguzi wenzangu wengi hawalijui. Mwaka 1979 Nancy Molter wa Marekani aliwauliza ndugu 40 kuhusu mahitaji 45, wayapange kwa uzito. La kwanza lilikuwa kuhisi kwamba matumaini yapo. Kujibiwa maswali kwa ukweli na kupigiwa simu hali inapobadilika nayo yalikuwa juu. Baadaye Jane Leske aliyapanga mahitaji hayo katika mafungu matano, nayo ni uhakikisho, taarifa, ukaribu, faraja na msaada.

Kwa familia ya fundi mafungu hayo hayakuwa matano yaliyotengana. Ukaribu ulikatwa bila maelezo, kwa hiyo taarifa ikawa ndiyo tegemeo. Taarifa nayo haikutolewa, kwa hiyo wakaitafuta kwenye vyeti. Vyeti vilipokoma, uhakikisho wote ukaporomoka kwa mara moja. Kama wangeambiwa siku ya kwanza kwa nini chumba kinatakiwa kiwe na giza, nina hakika wangelivumilia katazo la kuingia, na pengine wao wenyewe ndio wangekuwa walinzi wa ukimya ule. Walikuwa watu waelewa sana.

Orodha ya Molter inagusa hata chumba cha kusubiria, choo kilicho karibu na simu. Haigusi anayelala nje juu ya kanga, wala anayenunua glavu za muuguzi. Siilaumu, ilitengenezwa kwa mahali pake. Lakini huku kwetu ndugu yumo ndani ya tiba. Anatafuta dawa, anatafuta wachangia damu, anafua mashuka wodi nyingine, analeta uji. Mtu unayempa kazi ya tiba bila kumpa maelezo ya tiba atajitafsiria mwenyewe.

Nikiri kwamba kuongea na ndugu peke yake hakutoshi. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya daktari kuzungumza na familia, asilimia 54 ya ndugu hawakuwa wameelewa ugonjwa ni nini, matarajio ni yapi au tiba ni ipi. Maongezi ya kwanza yaliyokuwa chini ya dakika 10 yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kutoelewa. Hao ni watu waliokalishwa na kuelezwa. Yetu ni maelezo ya kwenye korido, kwa mtu aliyesimama, mara nyingi kwa maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa na Kiswahili.

Utafiti ninaourudia kila ninapokifikiria kisa hiki ni wa Marekani wa mwaka 2007, uliolinganisha familia za waliofia wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) na za waliotoka hai. Waliofiwa ndio walioridhika zaidi na namna walivyoshirikishwa katika maamuzi, walivyozungumzwa nao na walivyoheshimiwa. Mtu anaweza kushangaa, lakini muuguzi wa wodi hizi hashangai. Mgonjwa akikaribia kufa wote tunakusanyika. Daktari bingwa anashuka, ndugu wanaitwa, viti vinatafutwa, sauti zinashushwa. Mgonjwa anayeendelea vizuri hana wa kumkusanyikia, na ndugu zake wanaachwa na dhana yetu kwamba habari njema hazina haraka. Fundi alikuwa katika kundi hilo. Siku ambayo zamu nzima ilikuwa kwa mama wa kifafa cha mimba, yeye ndiye mgonjwa aliyehitaji mikono yetu kwa uchache kuliko wote, na familia yake ndiyo iliyohitaji maneno yetu kuliko zote. Vitu hivyo viwili haviendi pamoja, na ratiba ya wodi imejengwa kana kwamba vinakwenda pamoja.

Nani aseme

Kwenye kikao cha ndani baada ya familia kuondoka, daktari bingwa alitoa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema wauguzi wakianza kutoa taarifa, familia itasikia mambo mawili. Muuguzi wa asubuhi atasema anaendelea vizuri, daktari wa jioni atasema mapafu yameingia maambukizi, na hasira ya mlangoni itazidi. Amewahi kuyaona hayo na mimi nimewahi kuyaona.

Jibu la muuguzi kiongozi lilikuwa kwamba muuguzi tayari anatoa taarifa. Anazitoa kwa cheti, kwa uso wake anapotoka, kwa kusema "subiri daktari" huku akitazama chini. Hoja kwake ilikuwa kama taarifa hizo ziendelee kutoka ovyo au zipewe utaratibu. Nakubaliana naye moja kwa moja. Ubashiri wa ugonjwa, majibu mapya ya vipimo na habari ya kifo vibaki kwa daktari, muuguzi akiwa amekaa pembeni ili akirudi wodini aendeleze maneno yaleyale. Lakini mgonjwa alilalaje, mikazo imepungua au imeongezeka, anakula kiasi gani kwa mpira, dawa ipi imeshushwa na kwa nini, haya muuguzi anayajua kuliko mtu yeyote, na kumnyima ruhusa ya kuyasema ni kuinyima familia shahidi wa karibu.

Kuna ushahidi wa jambo hili, na una mipaka yake. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2018, lenye wagonjwa 1,420 katika ICU tano, liliwapa wauguzi mafunzo ya kuzungumza na familia kila siku na kuandaa vikao na madaktari. Baada ya miezi sita, dalili za wasiwasi na sonona kwa ndugu hazikuwa zimepungua. Kilichoboreka ni namna familia zilivyoyapima mawasiliano na namna matakwa ya mgonjwa yalivyozingatiwa. Anayetegemea kwamba maneno mazuri ya muuguzi yataondoa maumivu ya kuuguza atavunjika moyo. Yanaondoa kufichwa, na kaka mkubwa alituambia mlangoni kwamba hilo ndilo aliloshindwa kulivumilia.

Kuhusu muda wa kuingia wodini, hofu ya wenzetu ni maambukizi na fujo. Brazili walilijaribu katika ICU 36, matokeo yakatoka mwaka 2019. Ndugu waliruhusiwa kukaa hadi saa 12 kwa siku, baada ya kupewa somo fupi kabla ya kuingia. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua kama walivyotarajia, lakini maambukizi hayakuongezeka, na wasiwasi wa ndugu ulipungua. Sidai saa 12 kwa wodi yetu isiyo na nafasi ya kiti kati ya kitanda na kitanda. Ninachokichukua huko ni lile somo kabla ya kuingia, ambalo halihitaji jengo jipya.

Yaliyobadilika, na yasiyobadilika

Kwa familia ya fundi mambo yalibadilika siku hiyohiyo ya kikao. Walichagua msemaji mmoja, na kwa kuwa kaka alikuwa anarudi kijijini, wakamchagua mke. Nililifurahia sana hilo. Kila siku baada ya raundi ya asubuhi muuguzi wa kitanda alimketisha kwenye benchi la mlangoni na kumweleza hali. Cheti kiliambatana na maelezo ya kila kilichoandikwa, na siku isiyo na cheti aliambiwa kwa nini hakuna. Alifundishwa kunawa, kumwita mume wake kabla ya kumgusa, kumpaka mafuta midomo. Mama mzazi aliingia kila alasiri akasoma, na mapigo ya moyo ya mgonjwa kwenye monita hayakupanda. Shamba halikuuzwa.

Mazungumzo ya benchini yalichukua muda mfupi kuliko kugongewa mlango kila mara. Wale waliokuwa wakisema hatuna muda walikuwa hawajahesabu muda uliokuwa ukiliwa na mlango.

Alipotolewa mashine na kuhamishiwa wodi ya kawaida, familia ilipewa dodoso la kuridhika na huduma. Waliweka alama ya juu kabisa kila mahali. Alama hizo siziamini. Lilijazwa mbele ya muuguzi, na watu ambao mgonjwa wao yuko hai na bado amelazwa kwetu. Wangelijaza siku mbili kabla ya ile jioni ya mlangoni, naamini wangetuficha hivyohivyo, kwa adabu na kwa hofu. Dodoso la FS-ICU lililoanzia Kanada, ambalo hospitali nyingi duniani hulitumia, lina maswali 24, sehemu moja ya huduma na nyingine ya ushirikishwaji katika maamuzi. Ni zuri, na tungelitafsiri tungepata mengi. Lakini mimi ningeongeza ya kwetu. Ulipopewa cheti, ulielezwa? Ulijua lini gharama zimepungua? Ulilala wapi? Na ningetaka liulizwe na mtu asiyevaa sare yetu, wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani au baada ya arobaini.

Fundi alichanjwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kuugua pepopunda hakumwachii mtu kinga. Mke wake ndiye aliyeuliza kama vijana wanaojifunza kazi kwake nao wachanjwe. Wakaelekezwa wapi pa kwenda.

Utaratibu wa benchi umebaki wodini kwa zamu ya asubuhi. Zamu ya usiku, yenye wauguzi wachache zaidi, haiufuati, na sioni itaufuataje kwa idadi hii. Tumependekeza cheti cha dawa kiwe na mstari wa sababu, bado hakijachapishwa kipya. Simu imebadilika kidogo. Kwa ndugu wanaoishi mbali sasa tunapiga jioni hata kama hakuna jipya, tunasema yupo, anaendelea hivi na hivi, lala salama. Vocha inatoka mfukoni mwa muuguzi aliye zamu. Ombi la kupatiwa simu ya wodi liko kwa uongozi.